Leseni ya Kumrudisha Kasiva

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Wiki ya kumi na moja bila Kasiva. Leo nimejipikia muthokoi. Mahindi hayakuiva, maharagwe yameungua. Sufuria moja, moto mmoja! Sijui hata imewezekanaje. Nimekunywa chai kavu kwa sababu mbuzi naye amekataa nimkamue. Anamtaka mwenyewe.

Niandike ukweli, maana daftari halina mdomo. Kasiva ni mke wangu wa miaka ishirini na tisa. Yuko mjini Wote kwa binti yetu Mumbua, alikwenda kumwona mjukuu. Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka, kwa pikapu yangu, kuku wanne nyuma na kibuyu cha uji. Tulipovuka tu daraja la Athi, askari wa trafiki. Leseni? Leseni ilikuwa imekufa miaka minne nyuma, na Kasiva nilikuwa nimemwambia ni nzima. Wazo likanijia haraka. Nikamwambia askari kwamba mama huyu ameshikwa na uchungu wa kuzaa, namkimbiza hospitali. Kasiva ana miaka hamsini na mbili. Askari akachungulia, akamtazama, akawatazama kuku, akauliza kama na hao ni wakunga.

Tulikaa kando ya barabara saa tatu nzima.  Halafu ni nani huyo akatokea na Probox iliyooshwa? Muindi! Jirani yangu, shemasi, mtu ambaye leseni yake haijawahi kulala hata siku moja. Akamchukua Kasiva, kuku na kibuyu, akawafikisha Wote salama. Kabla ya kupanda, Kasiva aliniambia kwamba atarudi Mutomo siku nitakayomwendea bila uongo. Maana yake leseni. Nimeligeuza neno hilo kila upande, sioni maana nyingine.

Jumatano, 6 Agosti

Kitui, ofisi ya leseni. Nilikuwa na hoja kali. Nilimweleza karani kwamba katika ile miaka minne, pikapu ilikaa miaka mitatu juu ya mawe, haina magurudumu. Gari likilala, leseni nayo inalala. Kwa hivyo iliyokufa ni ya mwaka mmoja tu, na mwaka mmoja ni kitu cha kusameheana. Karani, msichana mpole, alinisikiliza mpaka mwisho. Akanipa pole. Akasema leseni haikuwa juu ya mawe. Imepitiliza mno, niende shule ya udereva, nikasome, nifanye mtihani wa nadharia upya, nianze na bodi.

Bodi! Mimi! Nimeendesha miaka ishirini na sita. Nimepeleka saruji Kwa Vonza, mbuzi Kabati, maharusi wawili na marehemu mmoja. Sijawahi kugonga mtu. Punda mmoja tu, na makosa yalikuwa yake.

Aliniuliza kwa nini nina haraka. Nikasema kazi. Nilitaka kusema mke. 

Ijumaa, 8 Agosti

Shule yenyewe ni chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za mifugo, hapa hapa Mutomo. Mwalimu anaitwa Kyule. Hajafika miaka thelathini, ananiita mzee wangu kila baada ya sentensi. Bodi ni meza kubwa iliyochorwa mji mzima: barabara, mataa, hospitali, kituo cha mafuta na raundabauti. Unapewa kigari cha kuchezea, unakisukuma kwa kidole huku unaeleza unakokwenda na kwa nini.

Kyule alinituma hospitali kutoka kituo cha mafuta. Nikakata kupitia uwanja wa kanisa. Akasema mzee wangu, hapo hakuna njia. Hapa Mutomo ingekuwepo! Halafu akauliza kwa nini nasukuma gari katikati ya barabara. Nikamweleza kwamba kando kuna mchanga na mbuzi. Akasema kwenye bodi hakuna mbuzi. Huyo bado hajawajua mbuzi.

Tuko wanafunzi sita. Nasreen, binti wa Amin mwenye duka la nguo, aliizunguka raundabauti mara moja tu akatoka salama na bado anatabasamu. Mimi niliingia nikazunguka mara tano. Kila nikitaka kutoka nilikuwa upande usiofaa. Mwishowe nikakiinua kigari nikakitua hospitalini. Kyule hakufurahi.

Nilipotoka nikamkuta Muindi akipangusa Probox mbele ya duka. Akanisalimu dereva mstaafu. Akasema Jumapili ana mkutano wa kanisa Wote, je, nina salamu za kumpelekea Kasiva? Nikamwambia amweleze kwamba nina shughuli nyingi sana. Kwa nini nilisema hivyo? Sina shughuli yoyote. Nilitaka amwambie kwamba nyumba imekuwa kubwa, kwamba nikiingia bado nasema hodi.

Jumapili, 10 Agosti

Kanisani. Akina mama waliimba bila sauti yake ya pili na wimbo ukawa umepinda. Nadhani ni mimi tu niliyesikia. Alfajiri ndiyo inayoniumiza zaidi. Kasiva hufagia uwanja akiimba kwa chini, na mimi hujifanya nimelala ili asinyamaze. Miaka ishirini na tisa nimejifanya nimelala. Sijawahi kumwambia.

Alipiga simu mchana. Sauti yake! Nikasimama wima kama naitwa na chifu. Akauliza habari ya nyumba. Nikasema safi kabisa, muthokoi inatoka vizuri, mbuzi anakamuliwa.  Akauliza kama kuna kitu kingine nataka kumwambia. Nikasema mvua bado. Akasema haya, Baba Mumbua. Akakata.

Mvua bado! Mwezi wa nane Mutomo, nani hajui kwamba mvua bado?

Jumanne, 12 Agosti

Nimegundua shida yangu. Si kichwa, ni mazoezi. Nasreen anakwenda nyumbani na kitabu, mimi nitakwenda nyumbani na mji. Nimechukua meza ya Kasiva ya sebuleni nikaichora bodi yote, rangi ya mafuta, barabara nyeusi, mistari myeupe. Imetoka vizuri ajabu. Akirudi nitaifunika kwa kitambaa chake cha kufuma. Akifunua nitamwambia ndiyo fasheni ya siku hizi.

Magari sasa. Nimekwenda kwa Kitheka, mchongaji, anayechonga wanyama wa kuuzia watalii tangu tukiwa vijana. Nimemwagiza magari manne ya mti, madogo, yenye magurudumu. Akauliza ya nini. Nikasema ya mjukuu. Uongo mdogo, na wa upendo.

Jumamosi, 16 Agosti

Kitheka ameleta. Vifaru wanne.

Wana magurudumu, nisimwonee. Lakini ni vifaru! Anasema alianza gari kabisa, akafika kwenye boneti, mkono ukaenda wenyewe. Miaka thelathini mkono haujachonga kitu kisicho na pembe. Anasema mtoto atafurahi zaidi. Sikuweza kumwambia kwamba mtoto ni mimi.

Basi, kifaru ni kifaru. Pembe iko mbele, matako nyuma, kila mtu anaona anakoelekea. Nimefanya mazoezi siku nzima. Kifaru wa kwanza ametoka kituo cha mafuta, ameshika kushoto, amewapisha wa kulia, amezunguka raundabauti, ametoka! Nimepiga kelele peke yangu. Nimegeuka kumwonyesha Kasiva. Kiti chake kilikuwa na ndoo ya rangi juu yake.

Alhamisi, 21 Agosti

Bodi naiweza sasa. Alama za barabarani ndizo zinazonisumbua. Kitabu kina kurasa arobaini, na kila ukurasa kuna duara au pembetatu yenye kiburi chake. Lakini nimegundua kwamba alama zote ni za aina tatu: za kuamuru, za kukataza, za kutahadharisha. Mtu akijua aina, yaliyobaki anakisia. Ninachohitaji ni rafiki wa kukohoa.

Nimekwenda dukani kwa Amin nikamtafuta Nasreen. Mtihani tunafanya chumba kimoja, mmoja mmoja mbele, wengine wamekaa kwenye benchi. Akohoe mara moja kwa kuamuru, mbili kwa kukataza, tatu kwa kutahadharisha. Nasreen aliweka chini kitambaa alichokuwa anapima, akaniambia:

“Mzee, na si usome tu? Ni page forty peke yake.”

Nikamwomba. Nikamwomba tena mbele ya wateja. Amin mwenyewe akaona aibu kwa niaba yangu. Mwishowe nikamwambia ukweli, kwamba ni kwa ajili ya mke wangu, hayuko, na nyumba haikaliki. Kumwambia binti wa watu ilikuwa rahisi. Nasreen akatazama chini, akasema sawa, atakohoa.

Jumanne, 26 Agosti

Mumbua amenipigia. Anasema mama yake kila gari likipita barabarani anainua kichwa. Akasema, “Baba, we mpigie tu umwambie umemmiss. Hiyo tu.” Nikamwambia asijali, mambo yamepangwa. Akauliza mambo gani. Nikasema kuna mtihani, mengine atayaona.

Anainua kichwa! Nimeisoma sentensi hiyo hapo juu mara kumi na mbili. Kesho ndiyo kesho.

Jumatano, 27 Agosti

Nimeanguka.

Nieleze kwa utaratibu. Kitui, chumba cha mabati, wanafunzi ishirini na wawili kutoka shule mbalimbali. Upepo wa Agosti. Tangu asubuhi vumbi linaingia kwa milango yote miwili. Mtahini, mama mmoja mwenye miwani, anayeandika kabla hujamaliza kusema. Nikaitwa. Akainua alama ya kwanza, pembetatu. Nikasikiliza kikohozi. Kikaja kimoja. Halafu viwili. Halafu benchi zima likakohoa! Mzee wa kutoka Mwingi alikohoa peke yake zaidi ya mara saba. Nikahesabu kumi na tano. Nikagawanya kwa tatu. Nikamwambia mtahini kwamba alama hiyo inaamuru, inakataza na kutahadharisha, yote pamoja, inategemea dereva. Akaandika.

Nikajipa moyo: bodi bado. Bodi ni yangu. Akanipa kigari. Sasa, kigari chenyewe ni cha zamani, kimechubuka rangi yote, kimechongoka mbele sawasawa na nyuma. Kiko wapi kichwa? Kiko wapi kipembe? Nikachagua upande mmoja kwa imani. Akaniambia nitoke sokoni niende hospitali. Nikaenda. Nilishika kushoto! Niliwapisha wa kulia! Niliingia raundabauti na kutoka kama mwenye mji! Nikaegesha mbele ya hospitali, nikasimama nikingoja sifa.

Mtahini akavua miwani. Akaniuliza, kwa upole kabisa, kwa nini nimeendesha mji mzima kinyumenyume.

Nikamweleza habari ya vifaru. Sikupaswa kumweleza habari ya vifaru. Amesema nirudi baada ya mwezi. Nasreen amepita. Alinifuata nje, macho mekundu kwa kukohoa, akaniomba msamaha. Yeye ndiye aliyeomba msamaha! Nilijisikia mdogo sana.

Alhamisi, 28 Agosti

Kasiva amepiga. Aliuliza mtihani ulikuwaje. Mumbua ndiye aliyemdokezea kwamba kuna mtihani. Nilikuwa nimekusudia kusema nimeanguka. Kabisa. Nilikuwa nimekaa chini ili niseme vizuri. Lakini aliuliza kwa ile sauti yake ya kutumaini, sauti ambayo sijaisikia tangu daraja la Athi, na mdomo wangu ukasema nimepita.

 Halafu akacheka! Kicheko kile cha chini, cha jikoni. Akasema haya, uje Jumamosi unichukue. Jumamosi! Nikazunguka nyumba yote nikiwa na simu mkononi. Nimefagia. Nimefua pazia. Nimefunika meza. Ndipo nikakumbuka kwamba sina leseni.

Ijumaa, 29 Agosti

Nimepata. Muindi ataendesha pikapu kutoka hapa mpaka kona ya kwao Mumbua, ile ya mashine ya kusaga. Pale anashuka, anakaa kivulini. Mimi nashika usukani, naendesha zile hatua mia mbili za mwisho, Kasiva ananiona nikifika mwenyewe. Anapanda. Tunarudi mpaka konani, tunamkuta Muindi kwa bahati tu, anaomba lifti, namwonea huruma, namwachia usukani kwa sababu mgongo unaniuma.

Nilijishusha nikaenda kumwomba. Alifikiri muda mrefu. Akasema ataendesha, lakini akiulizwa jambo hatadanganya. Nikamwambia hakuna mtu atakayemwuliza.

Jumamosi, 30 Agosti

Nimerudi. Mikono yangu inanukia muthokoi.

Safari yenyewe haikuwa na neno. Ikutha, Kibwezi, Emali, Wote. Muindi aliendesha kwa mwendo wa mazishi na kuniambia jina la kila alama iliyosimama kando ya barabara.  Konani alishuka kama tulivyopatana. Nikashika usukani. Hatua mia mbili, na moyo ulikuwa unapiga kushinda injini.

Alikuwa mlangoni. Leso ya njano, ile niliyomnunulia sokoni Kabati. Amepungua kidogo. Na kando ya mguu wake mkoba, umefungwa tayari, mfuko wa maembe makavu juu yake. Alikuwa amejiandaa tangu asubuhi! Alipoona ni mimi ninayeendesha aliweka mkono mdomoni. Nilishuka. Hatukushikana mikono, tulisimama tu tukitazamana kama watu waliokutana kisimani. Akasema nimekonda. Nikasema na yeye. Ningeweza kusimama pale mpaka jioni.

Mumbua akaleta mtoto. Wamemwita Kitonga, jina la babu yake wa upande wa baba, na bado akanishika kidole. Kasiva akainua mkoba.

Halafu nikasikia hodi. Muindi! Anaomba maji. Jua lilikuwa kali, eti mashine ya kusaga haina kivuli. Shemasi gani asiyeweza kuvumilia kiu robo saa?

Kasiva akamkaribisha, akamletea maji, akamwuliza amefikaje Wote. Swali la adabu tu. Muindi akanywa maji yote kwanza. Akanitazama. Nikamkonyeza, nikakohoa mara mbili, ya kukataza. Akaweka kikombe chini akasema amekuja na mimi, yeye akiendesha, kwa sababu mimi sina leseni.

Kasiva hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikaa juu ya kile kiti cha plastiki, mkoba mapajani, akaniuliza mtihani ulikuwaje. Nikamwambia yote. Kikohozi, vifaru, kinyumenyume. Kwenye kinyumenyume niliona mdomo wake unatetemeka kutaka kucheka, na nikafikiri tumepona. Lakini akainuka, akarudisha mkoba ndani. Aliporudi alisema maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema:

“Baba Mumbua, si ungekuja tu na miguu. Ungekuja na miguu uniambie umeanguka, wallai leo ningerudi na wewe. Mimi leseni ni ya nini?”

Macho yake yalikuwa na maji. Yangu pia, lakini nilisema ni vumbi.

Alitupa chai. Alimfungia Muindi kontena la muthokoi ampelekee mkewe. La Muindi! Muindi alikuwa anaendesha, kwa hivyo nililishika mimi mapajani, kutoka Wote mpaka Mutomo, bado la moto. Sikulifungua. Nilipofika nyumbani niligundua nimebaki na harufu mikononi na sijanawa mpaka sasa.

Jumapili, 31 Agosti

Sikwenda kanisani. Nimekaa nikiyafikiri maneno ya Kasiva. Nimeyafikiri kwa makini kuliko nilivyowahi kufikiri jambo lolote maishani. Nimeona kosa langu lilipokuwa. Ni pikapu.

Alisema mwenyewe, mbele ya mashahidi: ningekuja kwa miguu angerudi. Basi, Jumamosi ijayo nakwenda kwa miguu. Amin ana safari ya kuchukua mzigo Emali, atafika mpaka Wote, amekubali kunishusha nyuma ya ile mashine ya kusaga. Pale najipaka vumbi mpaka magotini. Kiatu cha kushoto nimeshakitoboa soli. Fimbo ninayo. Nitasema nimetoka Mutomo Jumatano. Ukweli wote kuhusu mtihani nitamwambia, sitaficha hata kidogo, huo ndio uzuri wa mpango huu.

Tangu mchana nafanya mazoezi ya kuchechemea. Kutoka mlangoni mpaka langoni na kurudi, mara sita sasa, na kila nikigeuka namwona Kasiva amesimama pale mlangoni, leso ya njano, ananiamini.